Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Jiji la Dodoma, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima leo, tarehe 14 Novemba. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu uliyonayo. Tunaomba makofi yapigwe kwa kiasi, maana kaka na dada zetu wa kidato cha nne wapo kwenye mtihani wa taifa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu yetu ni ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Wapo waliotuuliza kwa nini Siku ya Kisukari tumechagua kuzungumzia neva, yaani mishipa ya fahamu, badala ya soda. Soda tumeshaisema sana, na mwenye duka la shule ni shahidi. Safari hii tumeona tuseme jambo ambalo wengi hawalisikii: kongosho, tezi ya tumboni inayotoa insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, halifanyi kazi kwa kuitazama sukari tu, linaamrishwa pia na mishipa ya fahamu, na katika mwili wenye unene uliopitiliza amri hizo zinaweza kuzidi.

Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura. Aliisisimua vagasi, neva itokayo kwenye ubongo, ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Kisha majimaji yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayahamishia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo ingawa neva yake haikuguswa. Ikajulikana kwamba neva huzungumza kwa kemikali, na kemikali ile ndiyo asetilikolini. Mwaka huohuo, mjini Toronto nchini Kanada, daktari Frederick Banting, ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo hii tunayoiadhimisha, alikuwa na Charles Best wakiisaka insulini katika kongosho la mbwa. Hawakuwa wakishirikiana na Loewi, lakini kazi zao zinakutana tumboni mwetu, kwa kuwa vagasi hiyohiyo inayofika moyoni hushuka hadi kwenye kongosho.

Mtu akipita Msalato siku ya mnada, moshi wa nyama ukampata puani, ubongo haungoji tonge lifike tumboni. Unatuma taarifa kupitia vagasi, asetilikolini inamwagwa kwenye kongosho na kunasa kwenye vipokezi vya M3, yaani milango ya kupokelea kemikali hiyo, vilivyo juu ya seli beta, seli zinazotengeneza insulini. Kalsiamu inaongezeka ndani ya seli, na insulini inaanza kutoka mapema, kama mama anayeinjika sufuria mara tu akisikia wageni wameshuka stendi. Hata hivyo asetilikolini ina mipaka yake. Glukosi ikiwa kidogo kwenye damu, kemikali hii haina nguvu kubwa, ndiyo maana harufu ya nyama haimwangushi mtu kwa sukari kushuka. Mtu akiwa na hofu au akikimbia, noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, huja kuzuia insulini ili misuli ipate sukari ya kutosha. Na kwa binadamu kuna la ziada: neva zinazozifikia seli beta zenyewe ni chache kuliko za panya, na mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba seli alfa, majirani wa seli beta ndani ya kongosho, nazo hutoa asetilikolini. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa katika klabu, na bado haujaisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mtu anaponenepa kupita kiasi, ini na misuli huanza kuwa sugu kwa insulini, na seli beta hulazimika kutoa nyingi zaidi. Lakini usugu peke yake haumalizi maelezo. Miaka ya 1970 wanasayansi waliharibu sehemu ndogo ya haipothalamasi, eneo la ubongo linaloratibu njaa, ya panya. Panya wakanenepa na insulini yao ikapanda. Vagasi ilipokatwa chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mabadiliko hayo yalirudi nyuma, ishara kwamba amri za neva zilikuwa zimechangia. Mwaka 2021 utafiti mwingine, nao wa panya, ulionyesha kwamba ini lililojaa mafuta hutoa GABA, kemikali nyingine ya neva, na hali hiyo inachangia insulini kupanda na mwili kuwa sugu. Hayo ni ya panya, hatusemi yamethibitishwa kwa wazazi wetu.

Kinachowahusu wazazi wetu ni hiki: kwa miaka mingi kipimo cha sukari cha mtu mnene kinaweza kusoma vizuri kwa sababu tu seli beta zinafanya kazi ya ziada. Zikizidiwa, ndipo asubuhi kabla ya kula mashine inaonyesha 7.0 milimoli kwa lita au zaidi, na watu wanasema ugonjwa umemjia ghafla. Tangu Serikali ihamie Dodoma, wengi wanatoka nyumbani kwa bodaboda kwenda kukaa kwenye kiti, wanarudi kwa bodaboda, na jioni chipsi zimechukua nafasi ya ugali wa uwele na mlenda. Kitambi kikitokeza, tunasema maisha yamemnyookea. Akiugua, hao hao tunasema ni mlafi. Sisi tunaona maneno yote mawili hayamtendei haki.

Kwa upande wa vitendo, tulinunua kongosho la mbuzi buchani. Ni laini, la waridi iliyopauka, limejificha kwenye mafuta karibu na utumbo mdogo, na lisipowekwa kwenye barafu linalegea upesi kwa sababu vimeng'enya vyake vinalimeng'enya lenyewe. Visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli beta na alfa, hatukuviona. Ni takriban asilimia moja hadi mbili tu ya kongosho, na bila rangi maalumu hadubini yetu inaonyesha utando mmoja usiotofautiana.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba slaidi za kongosho zilizokwisha kutiwa rangi. Tunaomba pia mashine ya kupimia sukari pamoja na stripu zake, maana mashine bila stripu ni pambo la kabati, na futi kamba za kupimia kiuno ili siku za vikao vya wazazi wapimwe vyote viwili, tusiridhike na sukari peke yake. Mwisho, tunaomba mtaalamu mmoja kutoka ofisini kwako aje mara moja kwa muhula. Ubishi wa seli alfa unamsubiri.

Tunaomba kuwasilisha.

Klabu ya Baiolojia, kidato cha tano na sita