Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeandaa Orfeo, Iringa

Mdogo wangu, salamu.

Nimefurahi mno kusikia kwamba kwaya yako hapo Iringa itaigiza Orfeo ed Euridice ya mtunzi Gluck kwa mtindo wenu wenyewe. Opera hii, yaani igizo la kuimbwa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1762, ina waimbaji wa solo watatu tu. Mzigo mkubwa uko kwa kwaya. Ubunifu wako wote uweke hapo, nota uziache zilivyo.

Inaanza msibani, Euridice, mke wa Orfeo, ameshafariki. Kuwaketisha akina mama kwenye mikeka, khanga kichwani, kunaendana kabisa na muziki wake. Ila aliyekaa chini hubana tumbo na pumzi humkatikia njiani. Wape vigoda vifupi. Sauti ya tatu na ya nne wasimame nyuma.

Orfeo akimlilia mkewe, kundi dogo la pili la wapigaji ala humwitikia kwa mbali kama mwangwi. Hapa wengi huharibikiwa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwaweka mita 34 kutoka ulipo, utakachopiga watakisikia kimechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na jibu lao litachelewa vilevile kurudi. Mita 10 hadi 15 zinatosha, mlango ukiwa wazi, nao wafuate mkono wako, si masikio yao. Kama ni Julai, baridi ya usiku hushusha tuni ya filimbi na tarumbeta, kinanda kisishuke. Wapulizaji wazipashe ala zao moto mpaka dakika ya mwisho.

Kwa mapepo ya kuzimu, yanayomzuia Orfeo asiingie kumfuata mkewe, mpe kila mwimbaji tochi, ailenge kifuani mwa Orfeo. Machoni hapana, atapofuka asikuone. Mwanzoni wanamkatalia kwa “La!” nzito, kisha Gluck anawalainisha kidogo kidogo, na mwanga ufuate hivyohivyo. Tochi zisizimwe kwa swichi, maana mlio wake husikika ukumbi mzima. Kila mmoja aufunike mwanga kwa kiganja, vidole vibaki vyekundu gizani. Hapo hapahitaji pambo jingine lolote.

Ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, Orfeo alishike, linampendeza, lakini asilipige: wimbo wake kwa mapepo do ni Eb (E iliyoshushwa nusu), na nyuzi za ligombo zina mpangilio wake, hazitalingana nayo. Sehemu ya kinubi ipigwe kwenye kinanda, pembeni.

Nakusihi sana kuhusu “Che farò senza Euridice” (Nitafanyaje bila Euridice), wimbo wa Orfeo wa kumlilia mkewe. Do ni C, sauti ya furaha kabisa, na huzuni yote iko kwenye mwendo na namna ya kutamka. Gluck mwenyewe alionya kwamba ukiubadilisha kidogo tu unageuka ngoma ya vikaragosi. Waimbaji wengi wakiona kilio huuburuza. Mshikilie Orfeo wako kwenye mwendo wa kutembea, na kila “Euridice” aitamke kana kwamba bado anategemea kujibiwa.