Zuhura, nipokelee miche yangu

Langoni, Lamu

Kwa shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, na Bi Rukia ameinuka kitandani, alhamdulillahi. Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Usininunie kwa kimya changu. Leo nina haja moja tu, nayo inanikosesha usingizi.

Ile chupa aliyokuja nayo Salim kutoka Cape Town, pamoja na vibali vyake, si ulimsikia akiisimulia arusini? Ndani mlikuwa na miche ya maua ya okidi iliyooteshwa kwenye jeli, Disa uniflora, ile nyekundu ya Table Mountain inayoota kandokando ya vijito. Nimeitoa, nikaiosha jeli yote mizizini, nikaipanda kwenye kuvumwani, ule mmea laini unaoshika maji kama sponji. Imeshika 12. Majani hayajapita urefu wa ukucha, lakini ukiinama utaona katikati ya kila mche ncha mpya, kijani kinachong'aa. Naipenda, Zuhura, sikufichi.

Sasa kaskazi linakaribia. Joto la mchana majani yanalivumilia; tabu iko mizizini. Kwao, maji ya baridi hupita mizizini kutwa kucha. Hapa usiku wa kaskazi ni nyuzi 24 na zaidi, mtu mwenyewe analala darini. Nimevitia vikopo ndani ya mtungi unaovuja jasho, ukapoza kidogo, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi hata baridi ipatikane. Na maji yenyewe! Mmea huu hautaki chumvi, na visima vyetu unavijua. Hata maji ya Shela, yanayosifiwa utamu, nayaogopa kwa hili. Nategemea ya mvua, na birika limebaki robo.

Basi nipokelee miche hii huko Limuru. Uko juu ya mita 2,000, usiku mnajifunika blanketi mbili, na mvua mnayo. Salim anapanda ndege Manda Jumatatu ijayo, ataibeba mkononi.

Mwagilia maji ya mvua tu, kuvumwani isikauke hata siku moja. Mbolea usitie kwa sasa. Kivuli chepesi. Julai uingize ndani usiku, maana baridi yenu ni kali. Inshallah itachanua baada ya miaka 2 au 3, na shina lililochanua litakufa. Tafadhali usilitupe! Chini kuna kiazi na chipukizi changa. Nakwambia mapema kwa sababu mama mkwe wako hawezi kuona kitu kikavu chunguni akakiacha.

Mbegu usizingoje. Kwao huchavushwa na kipepeo mkubwa wa kahawia anayefuata rangi nyekundu, na huko kwenu hayupo. Nitakuja mwenyewe na kijiti cha kiberiti niyachavushe.

Lile tangi la mvua bado lipo? Paa mmelipaka rangi, au ni mabati matupu? Kijito cha nyuma ya shamba hupita hata kiangazi? Shemeji atakubali, au nimpigie mimi? Na yule mdogo, ameacha kung'oa kila kinachoota? Mimba ya Saumu je, ni kweli?

Nijibu kabla Salim hajaondoka. Ikiwa haiwezekani sema tu, nimtafute yule wa Kinangop.

Wako,
Mwanaisha