Flashi inakuja na basi la Jumamosi

Shoga yangu,

Za masiku? Huku Tanga tu wazima, ila umeme ndio unatuchezea. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Eti fundi kapiga Windows upya, mara ya tatu mwaka huu, hela kachukua, na wiki haijaisha zile shotikati za kirusi zimerudi! Pole. Ila nilicheka kidogo, maana hayo yalikuwa maisha yangu.

Unalikumbuka lile duka langu la karibu na chuo? Mwanafunzi analeta flashi, nachomeka, faili zote zimegeuka shotikati za KB 1. Ile amri ya attrib, ya kufichua faili zilizofichwa, niliijua kama jina langu. Faili zinarudi, naskani, nafuta, natoza mia tano. Wanafunzi wakaniita daktari, nami nikavimba kichwa.

Mpaka siku aliporudi binti mmoja kanuna. Flashi yake alinunua kwangu, mpya, pakiti nilimchania mwenyewe, na kompyuta ya kwanza kuiona ilikuwa yangu. Alipofika kwa mwalimu wake, shotikati. Shoga, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe mgonjwa ni mimi, na kila niliyemtibu nilikuwa namwambukiza upya akitoka.

Na sababu hata haikuwa mbali. Windows yenyewe ya wizi, na kile kiprogramu cha kuiamsha kilitaka kwanza uzime antivirusi. Tukazima! Masasisho nayo tukazima, kuokoa bando. WannaCry, ile programu hasidi ya kufunga faili na kudai hela, ilipozuka Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba tundu lake tangu Machi. Wengi iliowakuta hawakuwa wamekiweka. Mimi ilinipita kwa bahati tu.

Ndipo nikaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mteja wa kwanza kuja na flashi chafu, nilifungua nikakuta folda isiyo na jina, tupu kabisa pale pa jina, na ndani yake kazi zake zote salama. Pembeni faili la kirusi, lile la .vbs, limelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa. Lile limeandikwa kwa ajili ya Windows. Huku halina wa kuliamsha. Sikuandika amri yoyote. Nikaprinti, nikamrudishia flashi yake.

Usije ukaenda kutangaza kuwa Linux haiingiliki, lakini. Kuingiza programu kwenye mfumo kunataka nywila, na mwenye nywila ni wewe. Ukinakili amri usiyoielewa kutoka mtandaoni ukaipa nywila, umefungua mlango kwa mkono wako. Na kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher ya Microsoft hazifunguki vizuri, nisikudanganye. Kwa hizo nimebakiza mashine moja ya Windows, na flashi ya mteja haiigusi hata aje na machozi. Nyaraka za Word nazo hucheza mistari kwenye LibreOffice, programu ya nyaraka ya huku, hasa zenye majedwali, kwa hiyo wateja nawaomba PDF.

Windows 10 ndiyo hiyo, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo kompyuta zako za Dell kwa umri wake Windows 11 haitazikubali. Sasa fundi utamlipa akusafishie nini?

Jumamosi nakutumia flashi yenye Mint kwa basi la asubuhi, kondakta ni yule yule. Si lazima uiweke moja kwa moja; inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe, ujaribu printa yako kwanza. Ukiridhika, nakili kazi zako pembeni kabla ya kufuta chochote, kisha nipigie tuiweke pamoja. Ila tafadhali, usiichomeke Windows ikiwa imewaka, utaiambukiza kabla haijafanya kazi. Zima mashine, chomeka, washa, halafu bonyeza F12 mfululizo mpaka uone orodha.

Wasalimie watoto, na mwambie mama ile mihogo ilifika.

Mimi shoga yako