Mabanda ya sanaa juu ya mapaa, na sie tunaoishi chini yake je?

Mhariri, assalaam aleikum. Gazeti lenu nalisoma toka enzi za babaangu na sijapata kukuandikieni hata mstari mmoja, lakini ile habari ya wasanii wanaobuni mabanda ya muda juu ya mapaa ya Mji Mkongwe imenitoa kimyani. Mmesifu mbao nyepesi, mmesifu vitambaa vyeupe, mmesifu jua linavozama, eti paa litazungumza na bahari. Aliye chini ya paa hamkumuuliza hata salamu.

Mie nakaa Kiponda, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe. Mwaka mmoja walikuja vijana na michoro yao kwenye kompyuta wakapandisha banda la maonyesho juu ya nyumba ya jirani, nyumba ambayo ukuta wake ndo ukuta wetu, na nguzo wakazisimamisha katikati ya paa. Katikati kabisa! Nyumba zetu hizi si za zege mhariri, ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, kinachobeba paa ni boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyembamba hivi, boriti haifiki mbali, kwa hiyo ukitaka kuweka kitu juu ukiweke kwenye kuta, hilo fundi mwashi yeyote mzee angewaambia bila kompyuta. Halafu wakatoboa chokaa kwa drili wapitishe maskrubu, mashimo wakayaziba kwa saruji, na saruji na chokaa havipatani, saruji inabana maji ndani chokaa inapasuka pembeni, na sakafu yao ya mbao ikaja ikakaa juu ya mlizamu wa kutolea maji ya mvua sawasawa. Masika ikaingia. Maji hayana pa kutokea, yakatuama juu huko mpaka yakaona ukuta, usiku wa manane mie na dadaangu tunasukuma kitanda cha bi mkubwa huku udongo mwekundu unamwagika juu ya chandarua chake na yeye anauliza nani anagonga. Asubuhi tukawaita. Akaja mbunifu mwenyewe, kijana mpole ana adabu zake, akaitazama dari ilivovimba, akatoa simu akaipiga picha, akasema rangi zimetoka vizuri ataomba azitumie. Wallahi nilikosa tusi.

Banda likabomolewa maonyesho yalipokwisha. Mashimo yapo mpaka leo.

Watu tumesahau upesi sana. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Sultani Sayyid Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa, na hilo ndo jumba kubwa kuliko yote mbele pale Forodhani, kwenye mji ulioko orodha ya UNESCO tangu 2000. Sasa nyumba za vichochoroni nani anazitazama? Mpangaji akitaka kubadilisha boriti moja tu iliyooza aandike barua, asubiri, njoo wiki ijayo, mkubwa kasafiri. Msanii akitaka paa zima analipata.

Na maadam tuko huko huko juu, hii mikahawa ya kwenye mapaa nayo vipi? Wageni wanakaa na glasi zao wanatazama uani kwetu mwanamke anaanika nguo kichwa wazi, haya zimekwenda wapi, spika zinapiga mpaka isha imeshapita, na viyoyozi vyao vinatutiririshia maji kichochoroni, mtu unatoka na kanzu yako ya Ijumaa unafika msikitini na madoa.

Sanaa siikatai, hata wazee wetu walikuwa wanapanda juu jioni kupunga upepo na kibanda cha mbao juu ya paa si kitu kigeni hapa. Lakini nguzo zikae juu ya kuta, drili ibaki dukani, wafunge kwa kamba kwenye magunia ya mchanga yaliyopangwa pembeni juu ya kuta hizo hizo, na kitambaa kishushwe kabla kusi haijaanza kukirusha baharini. Na kila aliyebuni banda alale chumba cha chini yake Aprili nzima, apewe ndoo mbili, moja ya kukingia na moja ya kubadilishia. Godoro nitatoa mie. Chandarua aje nacho mwenyewe, cha bi mkubwa hakijatakata.

Mkaazi wa Kiponda, Unguja