Vitivo vya sheria vitufundishe na Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wakuu wa vitivo vya sheria nchini. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria hapa Arusha. Kwetu ni Kibosho, Moshi.

Likizo ya Desemba bibi yangu mzaa baba alitoa chini ya godoro bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa sita za uamuzi wa mahakama wa mwaka 2019 kuhusu mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiye wa sheria. Hebu nisomee." Zote zilikuwa za Kiingereza. Wakati ule alipokwenda kuulizia, aliambiwa kwa mdomo tu kwamba kesi imetupwa, arudi nyumbani. Akarudi. Jirani akang'oa masale ya mpakani aliyoyapanda babu, akaingiza migomba yake hatua nane upande wetu.

Nilisoma ukurasa wa mwisho mara tatu. Rufaa ya bibi haikutupiliwa mbali. Iliondolewa mahakamani, kwa sababu nakala ya tuzo, yaani hati ya amri ya mahakama inayokatiwa rufaa, haikuambatanishwa na sababu za rufaa. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake tunafundishwa kwa kesi maarufu ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo ya mwaka 1959. Rufaa iliyotupiliwa mbali imeamuliwa, imekwisha. Iliyoondolewa haijasikilizwa, na mwenye nayo anaweza kurekebisha kasoro na kuirudisha iwapo muda unamruhusu. Swali hilohilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini pale jikoni, bibi akinitazama usoni, sikuwa na maneno ya kumweleza. Nilisema "imetolewa," akauliza, "Kwani si ndiyo kutupwa?" Tulikaa hapo hadi chai ikapoa.

Ndipo nilipoona pengo la masomo yetu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyeandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, akapandishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Lakini darasani kwetu mihadhara, vitabu, mitihani, hata kesi za mazoezi tunazovalia majoho, vyote bado ni Kiingereza.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Waende asubuhi moja wakakae kwenye benchi la mahakama ya mwanzo yoyote. Kule kesi zinaendeshwa kwa Kiswahili miaka yote: mdai, mdaiwa, hati ya wito, kukazia hukumu. Maneno yapo, ila sisi hatupewi mazoezi ya kuyatumia, na mwanasheria asiyeyazoea atayabuni akiwa mbele ya mteja, kama nilivyofanya mimi.

Sisemi Kiingereza kiondolewe. Hapa Arusha tuna Mahakama ya Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya unataja Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Isitoshe, hukumu nyingi za zamani tunazozitegemea ziko katika lugha hiyo. Ninachoomba ni kidogo. Somo la uandishi wa nyaraka za kisheria lifanyiwe kazi na mtihani kwa lugha zote mbili, na kila mwaka mwanafunzi atetee angalau kesi moja ya mazoezi kwa Kiswahili mbele ya mhadhiri atakayemsahihisha neno kwa neno. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji uamuzi wa kitivo.

Bibi sasa anasaidiwa na wakili wa msaada wa kisheria. Siku 45 za kukata rufaa zilipita zamani, kwa hiyo anaomba kuongezewa muda, na mahakama itataka maelezo ya kila siku aliyochelewa. Wakili aliniomba niandae rasimu ya kiapo cha maandishi cha bibi kwa Kiswahili. Ilinichukua jioni tatu, na neno "mwapaji," yaani mwenye kutoa kiapo, nililipata kwa kumuuliza karani mmoja mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Nilipomsomea bibi, alinisimamisha aya ya tano. Nilikuwa nimeandika kwamba alipuuza kufuatilia. "Sikupuuza," akasema. "Niliambiwa imeisha." Nikafuta, nikaandika alivyosema yeye.

Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu,
Arusha