Barua kwa Mwanangu: Usianze na Mwanzo

Mwanangu mpendwa,

Juzi usiku uliponipigia simu kuhusu kitabu unachoandika ukasema, "Mama, maneno yameniishia," nilikuombea usingizi mwema, lakini mimi mwenyewe sikulala. Karatasi tupu naijua.

Alipofariki babu yako, niliombwa niandike wasifu wa marehemu. Nilikaa mezani tangu magharibi. Niliandika "Marehemu alizaliwa", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka palepale. Baba yangu, niliyemjua miaka yote ile, akanishinda kumwandikia hata sentensi moja! Nilidhani nimekauka. Kumbe kila neno nilikuwa nalihukumu kabla halijatua, nikiwasikia wajomba zako wakinisahihisha na hata sijawasomea.

Kilichonifungua ni wembe. Nilikumbuka alivyokuwa akichonga penseli kwa wembe, taratibu, huku akikinga maganda kiganjani yasidondoke sakafuni, kisha anaipuliza ncha. Nikaandika hilo tu, bila kujua litakaa wapi. Likavuta lingine, na lingine, na usiku wa manane nilikuwa na kurasa tatu. Tarehe ya kuzaliwa niliijaza mwisho kabisa.

Kwa hiyo nakusihi, sura ya kwanza iache kwanza. Andika lile tukio unaloliona ukifumba macho, hata kama ni la katikati. Weka saa mbele yako, dakika 15, uandike bila kufuta wala kurudi nyuma kusoma. Ukikwama, andika "nimekwama" mpaka neno jingine lije. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliketi na saa yake mezani na kujidai maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Hesabu yake muachie mwenyewe, ila ona kwamba hakungoja mpaka ajisikie kuandika.

Desturi ya Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, naipenda zaidi. Yeye aliweka kalamu chini akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho yake apate pa kuanzia. Wewe, nikujuavyo, huandika mpaka tone la mwisho, halafu asubuhi unaogopa hata kukisogelea kiti.

Na kama ni uchovu, lala, mwanangu. Kama kuna jambo linakuumiza nje ya hicho kitabu, niambie. Baada ya mazishi yale nilipitisha miezi sikuandika hata barua, na hapo saa ya mezani haikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kulia, na kuwa na mtu wa kunisikiliza.

Ijumaa nitumie ukurasa mmoja. Uje na makosa yake yote, sitausahihisha. Nataka kuusoma tu.

Akupendaye,
Mama