Maski tulivaa kwa sababu ya polisi, kuivua hatukufunzwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo kuhusu hizi maski, najua watu wamezichoka na corona wengi wanaiona habari ya zamani, lakini ukienda kliniki ya TB leo bado unapewa uvae, na huko ndiko nimeona kuivaa hatujui na kuivua ndio kabisaa.

Nilimsindikiza shangazi kuchukua dawa zake. Kwenye benchi kaketi mzee mmoja, maski anayo, mpya, ya bluu. Kikohozi kikimbana anaishika palepale mdomoni, anaivuta mpaka kidevuni, anakohoa weee, halafu anaipandisha tena na kwa mkono uleule anampa jirani kadi yake amsomee tarehe. Sasa ilikuwa ya kazi gani? Na simlaumu mzee wa watu, kule dirishani alipewa tu kama mtu anavyopewa risiti, hakuna aliyemwambia neno.

Haya mambo yametoka 2020. Sheria ilipokuja mwezi wa Aprili, faini mpaka Sh20,000 au jela miezi 6, sisi tukavaa kwa ajili ya karao, si kwa ajili ya ugonjwa. Makanga anapiga kelele "vaeni maski mbele kuna polisi", gari zima linapandisha, mkishapita tu zote zinarudi kidevuni. Wengine wakawa wanaazimana, mmoja anatoka benki anamvulia mwenzake naye apate kuingia, na wale wauzaji wa barabarani walikuwa wanamwachia mteja ajaribu tatu nne kabla hajanunua moja, yaani wallahi ni Mungu tu.

Sehemu ya mbele ndiyo inayopokea matone ya wenzako na yako, kwa hivyo ndiyo isiyofaa kuguswa. Nawa mikono kwanza ndio uvae, ule waya uwe juu uubane ufuate pua, kisha uvute chini mpaka kidevu kifunikwe, na ukishaivaa iache, ukijisahau ukaigusa nawa tena. Kuvua ni kwa kamba za masikioni, unashika nyuma, unainama kidogo, unaitoa mbali na uso bila kugusa mbele, unatupa kwenye pipa lenye kifuniko halafu unanawa. Si mfukoni na pesa, si kuitundika kwenye kioo cha gari. Ikilowa badilisha. Ya kitambaa ifue kwa sabuni na maji moto, ikauke kabisa. Hii ya bluu haifuliwi jamani, ni ya mara moja.

Na ile hadithi ya eti ukiwa mgonjwa unatoa bluu nje na ukiwa mzima unatoa nyeupe, iliyozunguka WhatsApp, ni uongo. Bluu ni nje siku zote, imetengenezwa isinyonye maji, nyeupe iko ndani inyonye unyevu wako.

Kingine, watu wananung'unika wakiona daktari kavaa N95 na mgonjwa kapewa ya kawaida, eti wakubwa wamejiwekea nzuri. Hapana. Ya kawaida inazuia yale yanayotoka kwa aliyeivaa, na mwenye TB ndiye anayetoa vijidudu. Lakini pembeni iko wazi, hewa inapita, ndio maana nesi anayeshinda na wagonjwa anahitaji ile inayobana uso na kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogondogo. Hata hiyo, mwenye ndevu nyingi haimkai sawa, hewa inapenya.

Kwenye hiyo kliniki niliyokwenda pipa lilikuwa wazi na limejaa, maski zimemwagika mpaka nje na kuku wanazipekua. Bomba la kunawia liko upande wa kuingilia, ukitoka hakuna kitu, unavua barabarani na mikono unapanda nayo matatu.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa wanaosimamia afya kaunti, maana siku hizi zahanati ziko chini yao. Anayegawa maski achukue dakika moja amwonyeshe mtu kuivaa na kuivua, avue ya kwake aonekane. Na pale mlango wa kutokea wawekeeni watu maji, sabuni na pipa la kukanyaga kwa mguu.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa